Koma si kipumuo

Koma ya Kiingereza huonyesha mpaka wa kisarufi ndani ya sentensi. Haionyeshi mahali pa kuvuta pumzi. Hata hivyo swali ni lilelile kila mwaka, kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa walimu wao na kwa makarani wanaoandika barua za ofisi: msomaji apumzike kwa muda gani kwenye koma, na kwa muda gani kwenye nuktamkato? Swali hilo halina jibu, kwa sababu limekosewa tangu mwanzo.

Kiswahili chenyewe kimechangia kosa. Alama hii huitwa mkato, lakini vitabu vingine vya sarufi huiita kipumuo, na jina koma linafanana na amri ya kumtaka mtu aache. Mtoto aliyelishwa majina hayo akiwa shule ya msingi huingia sekondari akiamini kwamba alama hupangwa kwa mapafu.

Imani hiyo ina asili ya kale. Karibu na mwaka 200 K.K., Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Alexandria, aliweka nukta juu, katikati na chini ya mstari ili msomaji wa kwa sauti ajue urefu wa kituo. Maandishi ya Kiyunani wakati huo hayakuwa na nafasi kati ya maneno, kwa hiyo msaada huo ulihitajika kweli. Hata mwaka 1795 Lindley Murray, katika sarufi yake ya Kiingereza, bado alifundisha kwamba nuktamkato ni kituo mara mbili ya koma, nuktapacha mara mbili ya nuktamkato, na nukta mara mbili ya nuktapacha. Uandishi wa Kiingereza umekwisha kuuacha mpango huo zamani. Anayeufundisha leo anamfundisha mtoto kukosea.

Sentensi moja inatosha kuthibitisha: "The bus left Bunda at six, it reached Musoma at eight." Ikisomwa kwa sauti, pumzi inakaa vizuri kabisa pale kwenye koma, na sikio halilalamiki. Lakini ni kosa. Kiswahili kingesema "Basi liliondoka Bunda saa kumi na mbili, likafika Musoma saa mbili", na hapo koma inatosha, kwa kuwa kiungo kimo ndani ya kitenzi: ile -ka- ya "likafika" ndiyo inayolifunga tendo la pili kwenye la kwanza. Kiingereza hakina -ka-. Maneno "it reached Musoma at eight" ni sentensi kamili inayojitegemea, na koma peke yake haina nguvu ya kushikilia sentensi mbili kamili. Mwandishi ameibeba koma ya Kiswahili na kuiacha -ka- nyumbani. Kosa hili moja huharibu insha nyingi, na hakuna zoezi la kupumua litakaloliponya.

Mfano wa pili ni mbaya zaidi: "The women who dry sardines on the rocks below Musoma, want a better price." Kiima ni kirefu, pumzi inaisha kwenye "Musoma", mkono unaweka koma. Matokeo yake ni kiima kutenganishwa na kitenzi chake. Kiima kikiwa na maneno mawili au ishirini, koma moja haikai kati yake na kitenzi.

Kuna pia pale ambapo pumzi haihitajiki kabisa lakini koma ni lazima. "Nyerere, who was born in Butiama in 1922, translated two plays by Shakespeare." Koma zote mbili zinatakiwa, kwa kuwa maelezo ya kuzaliwa ni nyongeza tu, anayetajwa anajulikana tayari. Ugumu unajitokeza katika "my brother who lives in Bunda" na "my brother, who lives in Bunda". Ya kwanza inamchagua kaka mmoja kati ya kadhaa. Ya pili inasema kaka ni mmoja tu, na kwamba anaishi Bunda. Kiswahili husema "kaka yangu anayeishi Bunda" kwa yote mawili na kuuachia muktadha kazi. Katika barua ya mirathi ya shamba, koma hizo zinaweza kubadili idadi ya warithi, na hakimu hatauliza mwandishi alipumua wapi.

Kipimo cha kosa la kwanza, la kufunga sentensi mbili kwa koma, ni hiki: badala ya koma iwekwe nukta. Pande zote mbili zikisimama kama sentensi kamili, koma peke yake haifai. Njia ni nne: nukta, nuktamkato, koma pamoja na "and", "but" au "so", au kuufanya upande mmoja utegemee mwingine kwa "when", "because" au "although". Neno "however" haliokoi. "The rains came late, however, the cotton survived" ni kosa lilelile. Kabla ya "however" hapo panahitajika nuktamkato au nukta.

Nuktamkato ilitoka Venice, mji wa tamthilia ambayo Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mchapishaji Aldus Manutius aliitumia huko mwaka 1496 katika kitabu cha Pietro Bembo kuhusu mlima Etna. Mbali na kuunganisha sentensi mbili zenye uhusiano wa karibu, hutenganisha vitu vya orodha vilivyo na koma ndani yake: "The bus stops at Bunda, Mara; Lamadi, Simiyu; and Magu, Mwanza."

Nuktapacha hutanguliwa na sentensi kamili. "The lorry carried: fish, maize and cassava" ni kosa, "The lorry carried three things: fish, maize and cassava" ni sahihi. Koma kabla ya "and" ya mwisho katika orodha ni hiari: Waingereza wengi huiacha, wachapishaji wengi wa Marekani huiweka. Ichaguliwe njia moja na kufuatwa hadi mwisho.

Deshi huingiza maelezo ya ghafla katikati ya sentensi, na hapo huwa mbili, au huleta jambo la mwisho, na hapo huwa moja. Isichanganywe na kistari kifupi, ambacho huunganisha maneno, kama katika "a ten-year-old boy". Kwenye simu nyingi, deshi hupatikana kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha kistari.