Flamenco Inaanzia Kooni

Wengi huifahamu flamenco kupitia gitaa, na mara nyingi gitaa lenyewe ni la Paco de Lucía. Kibao chake "Entre dos aguas", kilichomo katika albamu ya Fuente y caudal ya mwaka 1973, hakimsumbui mgeni hata kidogo: ngoma za bongo zinachapa, besi inashikilia mwendo, na vidole vya mzaliwa huyo wa Algeciras vinatiririka juu ya nyuzi. Ni pazuri pa kuanzia. Ila wako wanaoishia hapo, wakadhani flamenco ni wepesi wa vidole tu.

Kwa wenyewe wa Andalusia, kusini mwa Hispania, bwana mkubwa ni mwimbaji.

Kwa hiyo baada ya kibao hicho zifuate santuri ambazo Paco huyohuyo alirekodi na Camarón de la Isla kuanzia 1969 hadi 1977. Camarón, Mgitano (Mroma wa Hispania) wa San Fernando karibu na Cádiz, aliimba kwa sauti kavu yenye makali, na hapo mpiga gitaa mashuhuri anasikika akijizuia, akimfuata mwenzake. Katika bulería, mtindo mmojawapo wa flamenco, msikilizaji ajaribu kupiga makofi akihesabu mapigo 12, mkazo ukiangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Akishazoea, vurugu aliyodhani anaisikia inakaa sawa.

Rekodi ya kutulia nayo hasa ni Una historia del cante flamenco ya Manolo Caracol, ya mwaka 1958. Caracol alishinda tuzo angali mtoto katika shindano la Granada la 1922, lililoandaliwa na mtunzi Manuel de Falla akishirikiana na mshairi Federico García Lorca. Katika seguiriya, wimbo wa majonzi mazito, Melchor de Marchena hapigi gitaa kwa wingi. Anadondosha noti chache za chini, ananyamaza, anangoja. Caracol naye anaivuta silabi moja mpaka sauti inapasuka. Mpasuko huo haukuhitaji kusafishwa studioni; ndio uimbaji wenyewe.

Mwenye subira na mikwaruzo ya santuri za kale amtafute La Niña de los Peines wa Sevilla, aliyeanza kurekodi mapema karne ya 20. Serikali ya Andalusia imeitangaza sauti yake iliyorekodiwa kuwa urithi wa utamaduni. Kwa gitaa pekee, mpiga gitaa Sabicas anatosha.

Zimebaki rekodi mbili zilizozua ubishi. La leyenda del tiempo ya Camarón, ya 1979, ilitia ngoma za roki na hata sitar, ikauzika kidogo ilipotoka. Mwaka 1996 mwimbaji Enrique Morente akaja na Omega, akiimba mashairi ya Lorca na nyimbo za Leonard Cohen pamoja na bendi ya roki ya Lagartija Nick. Hizi zisikilizwe baada ya Caracol, maana hapo ndipo mtu atakapotambua Morente alikuwa akivunja nini, na nini alikataa kukivunja.