Namba sita ndani ya Doha

Mwenye kijana nyumbani hapa Doha anaujua mtihani wa miezi ya joto. Ikishafika Mei, mchana uwanja haukanyagiki, mpira wote unahamia sebuleni kwenye kompyuta. Kwetu mchezo wenyewe ni Football Manager, unaotengenezwa na Sports Interactive ya London. Humo huchezi mpira, wewe ni kocha: unasajili, unapanga kikosi, halafu unakaa ukitazama vijana wako wanavyokuaibisha.

Mwanangu ana miaka 14. Mwaka huu kocha wa shule alimtoa namba kumi akamrudisha sita. Alirudi nyumbani kavimba. "Baba, sita ni ya watu wasiojua kufunga. Mimi naacha." Na kuacha alimaanisha kuacha kabisa, viatu alishavitupa chini ya kitanda.

Sikubishana naye. Nilivuta kiti nikatazama timu yake ya kwenye kompyuta. Dimba la kati alikuwa na wachezeshaji watatu, mafundi wote, na kila wakipoteza mpira wapinzani wanapita kama barabara ya Corniche saa tisa usiku. Nikamuuliza: hapa nani anakaba? Kimya.

Kwetu sisi kazi hii tunaiita ya mkata umeme, basi, tumemaliza. Mchezo huu unaichambua zaidi. Yupo anayekaa mbele ya mabeki wake na hatoki hapo. Yupo anayemkimbilia mwenye mpira popote alipo ampore. Huyu wa pili anafurahisha macho, ila akiukosa mpira, nyuma yake panabaki nafasi ya kuegesha basi. Matoleo ya kabla ya FM26 yalikuwa pia na "regista", Kitaliano hicho, maana yake mwongozaji: anakaa chini kama mkabaji lakini timu nzima inacheza kwa pasi zake. Ndiyo kazi iliyompa Andrea Pirlo jina.

Hata namba nane wako wa namna nyingi. Katika matoleo hayo ya zamani, "mezzala" alikuwa anachepuka pembeni kidogo kisha anaingia kushambulia. "Carrilero" alikuwa anakwenda kulia na kushoto akiziba mashimo ya wenzake, kazi ya punda ambayo haipigiwi makofi. Ukiweka wawili wa kushambulia namna hiyo bila mtu wa kuziba, wallahi utalia.

Toleo la FM26, lililotoka Novemba 2025, limeongeza jambo ambalo kwangu ni bora kuliko yote: kila mchezaji anapewa kazi mbili, moja timu ikiwa na mpira, nyingine ikiwa haina. Hapo ndipo kijana alipotulia. Yaani sita wake anaweza kuambiwa apande akapige pasi za mwisho, halafu mpira ukipotea ajue pa kurudi. Kumbe kurudishwa nyuma si kukatazwa kucheza.

Nikamkumbusha Al Thumama, ule uwanja wenye umbo la kofia. Tarehe 10 Desemba 2022 Morocco waliwafunga Ureno 1-0 pale, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Sofyan Amrabat alikuwa sita wao. Katika mashindano yale hakufunga hata bao moja, na hakuna aliyetazama akasema hajui mpira. Nikamtajia na Victor Wanyama wetu, mkabaji wa Kenya aliyecheza Celtic, Southampton na Tottenham. Hapa hapa mjini, Xavi alichezea Al Sadd kuanzia 2015, akastaafu 2019 na kuwa kocha wao hadi alipoitwa Barcelona 2021. Marco Verratti naye alitua Al-Arabi 2023. Mji huu umekula viungo wazuri, bwana.

Usiku ule alibadilisha kikosi: mmoja wa kukaa, mmoja wa kuziba, mmoja wa kushambulia. Mabao ya kufungwa yalipungua, ya kufunga nayo yakapungua, akanuna tena. Akahangaika na beki wa kulia mpaka saa nne, nikazima.

Viatu vimetoka chini ya kitanda. Mazoezini anacheza sita, ingawa bado anamwomba kocha kumi kila wiki. Ijumaa anampigia ami yake Unguja, wanabishana nusu saa nzima kama Fei Toto ni namba kumi au nane, na Kiswahili chake siku hiyo kinanyooka.