Aliyezoea Ndiye Anayetakiwa Kushuka

Swali hunijia kwa sura mbili, na zote zimenichosha. Kijana wa Kurasini aliyepata meli ya kigeni huuliza: "Kapteni, nikimaliza miezi yangu tisa nikaongeza sita bila kurudi, si ndiyo nitajenga haraka?" Shemeji yake huuliza kinyume: "Mbona wanamrudisha na kazi ameshaizoea? Kafanya kosa gani?"

Hajafanya kosa, shemeji. Mkataba umeisha, mwenzake anapanda, yeye anashuka. Kampuni isiyomshusha mtu kwa wakati ndiyo ya kuulizwa maswali.

Lakini hilo neno "ameshazoea" silipitii hivi hivi, maana ndilo linalowaponza watu. Kazi huzoeleka: kamba, injini, ramani, hata chakula cha mpishi asiyejua pilipili. Kutolala hakuzoeleki. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliolala saa sita au nne kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka siku hata siku, wengine wakafikia hali ya mtu aliyekesha usiku mbili mfululizo. Wakiulizwa kama wana usingizi, walijibu kwamba ni kidogo tu. Kwa hiyo baharia anapokuambia "mimi nimezoea," maana yake ni kwamba kipimo chake cha uchovu kimeshaharibika. Aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kushika usukani. Na mlevi naye, tunamjua, huapa kwamba hajalewa.

Tarehe 3 Aprili 2010 meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1, ikitoka Gladstone, Australia, kuelekea China, ilipanda mwamba wa matumbawe wa Great Barrier Reef. Ofisa mkuu aliyekuwa zamuni alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia, na hapo palipotakiwa kugeuza meli, haikugeuzwa. Kazi aliijua. Mwaka 2016 wenye meli na bima yao walikubali kulipa dola milioni 39.3 za Australia. Huo ulikuwa uchovu wa siku mbili. Mtu wa mwezi wa kumi na tano yeye anaujumlisha na miezi ya kuvunjiwa usingizi kila zamu, halafu bado kuna mwajiri anayelalamikia bei ya tiketi ya ndege ya mbadala wake.

Kahawa na makopo ya enaji msiniletee. Vinaficha usingizi kwa saa chache, na deni la mwili linabaki palepale. Wale wanaosema "nitalala nikifika nyumbani" nao wanasahau kwamba meli inagonga kabla hawajafika nyumbani.

Sasa hoja ya pili: "Lakini nimesaini mwenyewe." Saini yako haitoshi. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unataka muda wa kukaa melini mfululizo, kabla ya haki ya kurudishwa kwenu, uwe chini ya miezi 12. Likizo ni angalau siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa ajira, yaani siku 30 kwa mwaka, na makubaliano ya kuiacha hayakubaliki kirahisi. Toa hizo siku 30, inabaki miezi 11. Mwishoni mwa 2020, mipaka ilipofungwa kwa korona, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kuisha. Dunia ikaita hilo janga, na wewe unaliomba kama upendeleo.

Haraka sasa, maana nafasi inaisha. Wenye kampuni: andikeni tarehe ya kushuka kwenye mkataba, mbadala atafutwe mapema, si wiki ya mwisho, msiwashushe nahodha na ofisa mkuu siku moja, acheni siku kadhaa za makabidhiano, anayeshuka aahidiwe kwa maandishi lini atapanda tena, kwani hofu ya kukosa meli ndiyo inayomfanya ang'ang'anie. Mabaharia wa meli nyingi zinazohudumia visima vya gesi na mafuta baharini huwa wiki nne kazini, wiki nne nyumbani. Wa meli za mizigo hatafika huko, ila miezi sita si ndoto.

Baharia: weka kumbukumbu zako za mapumziko, angalau saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, na usisaini karatasi ya saa ambazo hukulala. Kishoka anayetaka ada ili akupatie kazi, mkimbie. Gharama zako halali ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria. Wakikugomea kushuka, anza na utaratibu wa malalamiko wa melini, au nenda kwa mkaguzi wa bandari yoyote mnayotia nanga katika nchi iliyoridhia. Na tiketi ya kurudi, shemeji, ni ya mwenye meli. Msichange.