Kovu na Jeraha: Utangulizi wa Usomaji wa Chupa za Kale

Kama umewahi kumrudishia Mangi, mwenye duka, chupa tupu ya soda pale Sombetini, Arusha, somo hili umeshalianza. Mangi huitazama kwanza mdomoni. Ikiwa imemeguka anaikataa, maana kizibo hakitaibana sawasawa na chembe ya kioo yaweza kudondokea kinywajini. Mkusanyaji wa chupa za kale naye huanzia mdomoni, ila swali lake ni jingine: chupa hii imepatwa na nini tangu itoke kwa fundi?

Hapo wanafunzi wengi hukosea, kwa kudhani kila dosari ni jeraha. Viputo vilivyonasa ndani ya kioo, shingo iliyopinda kidogo, kovu la duara kitakoni palipogandishwa fimbo ya chuma ya fundi: hayo chupa ilizaliwa nayo. Hayaishushi thamani. Mara nyingi huipandisha, kwa kuwa yanashuhudia kazi ya mikono kabla ya mashine ya Michael Owens, iliyoanza kufyatua chupa mwaka 1903.

Majeraha ni yale yaliyokuja baadaye, na hayalingani. Ninaouogopa zaidi ni ufa, kwa sababu haujamaliza safari yake. Joto na baridi huurefusha. Mmeguko wa mdomoni huumiza bei zaidi kuliko wa kitakoni, kwani jicho hutua juu kwanza. Lakini chupa adimu husamehewa mengi. Mfano ni chupa ya Hiram Codd ya 1872, iliyozibwa kwa gololi ya kioo, ambayo ilivunjwa sana na watoto wa Uingereza walioitaka gololi hiyo.

Kisha kuna ukungu. Chupa ikikaa miaka mingi katika udongo mbichi, kama huu wetu wa miteremko ya Mlima Meru, maji hunyonya magadi yaliyomo kwenye kioo, na uso wake hubaki na utando wenye rangi za upinde wa mvua. Nakusihi usikimbilie kuusugua. Unga wa kung'arishia huondoa utando pamoja na ncha za maandishi yaliyoinuka, na maandishi hayo ndiyo yanayotuambia chupa ilikuwa ya nani.

Leo chukua chupa yoyote iliyoko jikoni, ufumbe macho, uzungushe ncha ya kidole mdomoni mwake polepole. Kioo ni baridi. Siku utakapokutana na sehemu iliyo vuguvugu na laini, utakuwa umegusa gundi ya mtu aliyeficha mmeguko.