Programu yako imeazima data kwa nani? Fahamu jinsi programu mseto zinavyofanya kazi

Unaita teksi kwa simu. Ndani ya dakika moja unaona ramani, gari linalokuja, bei ya safari na sehemu ya kulipia. Kwako wewe ni programu moja tu, lakini nyuma ya kioo cha simu kuna kampuni kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja.

Chukua mfano wa Uber. Mwaka 2019, ilipokuwa inaingia kwenye soko la hisa, ilieleza kwenye nyaraka zake kwamba kati ya mwaka 2016 na 2018 iliilipa Google dola milioni 58 kwa ajili ya ramani. Yaani jina ni la Uber, ramani ni ya mwingine.

Programu zinazochukua data kutoka vyanzo tofauti mtandaoni na kuziweka sehemu moja tunaweza kuziita programu mseto. Zimerahisisha maisha kweli, na kuna wakati zimesaidia kuokoa watu. Ila zina udhaifu ambao watumiaji wengi hawaujui: chanzo kimoja kikifungwa, programu nzima inaweza kufa.

Zinafanyaje kazi?

Fikiria mama lishe. Nyama anachukua buchani, mchele duka la jumla, nazi na viungo sokoni. Mteja anakula pilau, hana habari na safari zote hizo. Lakini siku bucha likifungwa, pilau ya nyama haipo.

Kwenye intaneti, dirisha la kuchukulia data linaitwa API. Ni njia rasmi ambayo kampuni inawafungulia watengenezaji wengine. Programu inatuma ombi, mfano "nipe ramani ya Kariakoo", na kompyuta za kampuni zinarudisha jibu hapo hapo. Mara nyingi mwombaji hupewa ufunguo, yaani msimbo wa siri unaoonyesha ni nani anayeomba na ameshaomba mara ngapi.

Kule Kenya, Safaricom imeipa API ya M-Pesa jina linalojieleza lenyewe: Daraja. Kupitia hapo, duka la mtandaoni linapokea malipo ya wateja bila kujenga mfumo wake wa pesa kuanzia sifuri.

Ilianzaje?

Google Maps ilizinduliwa Februari 2005. Miezi michache baadaye Paul Rademacher, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya filamu za katuni ya DreamWorks, alichukua matangazo ya nyumba za kupanga kutoka mtandao wa Craigslist na kuyaweka juu ya ramani hiyo. Badala ya kusoma orodha ndefu, mpangaji aliona moja kwa moja nyumba iko mtaa gani. Aliuita mtandao huo HousingMaps.

Google ilikuwa bado haijafungua API ya ramani zake, hivyo Rademacher alilazimika kuchungulia jinsi ramani inavyofanya kazi ndipo akaitumia. Mwaka huo huo Adrian Holovaty akafanya kama hivyo kwa kutumia takwimu za uhalifu za polisi wa Chicago. Google haikuwafungia. Juni 2005 ilifungua API rasmi, na Rademacher mwenyewe ikamwajiri.

Ushahidi: mseto uliozaliwa Kenya

Afrika Mashariki ina historia yake kwenye jambo hili, na ni historia nzito.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Kenya ilitumbukia kwenye vurugu zilizoua zaidi ya watu 1,000. Serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja, na watu wengi hawakujua nini kinaendelea hata mtaa wa pili.

Mapema Januari 2008, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliomba wataalamu wa teknolojia watengeneze ramani ya kuonyesha matukio. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaungana naye. Ndani ya siku chache mtandao wa Ushahidi ukawa hewani.

Mwananchi alituma taarifa kwa meseji ya kawaida au kwenye mtandao, na tukio likawekwa kwenye ramani ya Google pamoja na habari kutoka vyanzo vingine. Mwenye simu ya kitochi naye alikuwa na nafasi ya kusikika.

Miaka miwili baadaye, tetemeko la Januari 12, 2010 lilipoipiga Haiti, mfumo huo huo ulitumika. Wahaiti walituma meseji kwa namba 4636, wenzao walioko nje ya nchi wakazitafsiri kutoka Krioli, na wanaojitolea wakaweka kwenye ramani maeneo yanayohitaji msaada.

Tatizo: ufunguo anao mwenye nyumba

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Programu mseto iko hivyo hivyo. Mwenye data akibadili masharti, aliyeazima hana la kufanya.

Mwaka 2018 Google ilibadili utaratibu wa ramani. Awali tovuti iliweza kufungua ramani hadi mara 25,000 kwa siku bure. Baada ya mabadiliko, kila mtengenezaji alitakiwa kusajili njia ya malipo, na kiasi cha bure kikashuka hadi takriban mara 28,000 kwa mwezi mzima. Kampuni kubwa ilimudu. Kijana mwenye tovuti ndogo isiyo na mapato alilazimika kulipa, kuhama au kufunga.

Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ilifanya jambo kama hilo kwa wakati mbaya. Februari 2, 2023 ilitangaza kwamba wiki inayofuata API yake haitakuwa bure tena. Siku nne baada ya tangazo, tetemeko kubwa likapiga Uturuki na Syria. Wataalamu waliojitolea Uturuki walikuwa wakikusanya kutoka Twitter anwani za watu waliofukiwa na vifusi na kuziweka kwenye ramani ili waokoaji wazione. Kelele zikawa nyingi, tarehe ikasogezwa mbele. Hata hivyo, mwishoni mwa Machi bei mpya zikatoka: kifurushi cha chini cha kulipia kilikuwa dola 100 kwa mwezi, na cha bure kikabaki kwa ajili ya kutuma tu, siyo kusoma data.

Na ubora wa data je?

Nukta nyekundu kwenye ramani inaonekana kama ukweli, hata kama aliyeituma amekosea au amedanganya. Ndiyo maana Ushahidi iliweka utaratibu wa kutofautisha taarifa zilizothibitishwa na ambazo bado. Programu isiyosema data yake imetoka wapi inakuachia wewe kazi ya kukisia.

Kuna njia nyingine?

Ipo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani inayochorwa na watu wa kawaida na data zake ni huru kwa yeyote. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, ikiwemo Tandale. Ramani hiyo hakuna kampuni moja inayoweza kuifungia.

Ufanye nini wewe mtumiaji?

- Angalia chini ya ramani au kwenye sehemu ya "kuhusu" uone data imetoka kwa nani.
- Tazama ni lini taarifa ilisasishwa mara ya mwisho, hasa bei, ratiba na hali ya hewa.
- Soma ruhusa kabla ya kukubali. Data zako zinaweza kupita kwenye kampuni zaidi ya ile unayoiona jina lake.
- Usiweke vitu vyako vyote sehemu moja. Namba muhimu, tiketi na kumbukumbu za malipo zitunze pia nje ya programu.

Na kama wewe ndiye unayetengeneza programu, jiulize swali moja kabla ya kuizindua: chanzo hiki kikifungwa kesho asubuhi, watumiaji wangu watakimbilia wapi?