Bunju: Samaki mwenye sumu anayeliwa kwa leseni Japani

WAVUVI wa pwani ya Afrika Mashariki wanapomnasa bunju, samaki anayejifurisha tumbo mithili ya mpira, aghalabu humtupa, kwa kuwa wanajua ana sumu inayoua. Nchini Japani, samaki wa jamii hiyo huitwa fugu, na mgeni anayetaka kumwonja hulazimika kulipa fedha nyingi.

Mji unaosifika zaidi kwa biashara ya fugu ni Shimonoseki, ulioko magharibi mwa kisiwa cha Honshu. Nyama yake nyeupe hukatwa vipande vyembamba sana, hata maua yaliyochorwa kwenye sahani yakaonekana chini yake, na huliwa mbichi. Sehemu zenye mifupa huchemshwa pamoja na mboga.

Hatari imo ndani ya ini na mifuko ya mayai, na kwa baadhi ya aina, hata kwenye ngozi. Sumu hiyo, iitwayo tetrodotoksini, huzuia mishipa ya fahamu kupeleka taarifa kwenye misuli. Aliyeila huanza kuhisi ganzi midomoni na ulimini, kisha viungo hulegea na hatimaye hushindwa kupumua, pengine akili yake ikiwa bado timamu. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, wala hakuna dawa ya kuitangua. Tegemeo la madaktari ni mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua hadi sumu imtoke mwilini.

Ndiyo maana mpishi wa fugu hana budi kupata mafunzo na leseni, na ini haliruhusiwi kuuzwa migahawani. Mwaka 1975, mwigizaji mashuhuri wa maigizo ya Kabuki, Bando Mitsugoro wa Nane, alifariki dunia mjini Kyoto baada ya kula maini ya fugu. Siku hizi, wengi wanaodhurika ni wale wanaomvua na kujipikia wenyewe nyumbani.

Msafiri anayetaka kumwonja fugu hana budi kuchagua mgahawa wenye mpishi aliyeidhinishwa, asiombe ini, na akihisi ganzi mdomoni awahi hospitali pasipo kusubiri.

Akisharejea nyumbani, asidhani kwamba bunju wa pwani anaweza kuandaliwa vivyo hivyo. Mlaji wa fugu hulindwa na mkono wa mpishi aliyesomea kazi hiyo. Pasipo mpishi huyo, busara ya mvuvi ya kumtupa bunju ndiyo iliyo salama.