Nasaba za Bakteria Sugu Mpakani: Mchango na Ukomo wa Jenomiki katika Ufuatiliaji wa Homa ya Matumbo, Itumba, Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi
Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, wilaya inayotenganishwa na Malawi na Mto Songwe. Magharibi mwa mkoa huohuo, mji wa Tunduma unapakana na Nakonde, Zambia. Katika mazingira haya, bakteria sugu dhidi ya dawa hawawezi kufuatiliwa kwa takwimu za nchi moja pekee. Makala haya yanafafanua namna jenomiki inavyotumika kufuatilia Salmonella Typhi, kimelea cha homa ya matumbo. Hoja kuu ni kwamba jenomu hueleza ukoo wa bakteria kwa uhakika mkubwa, lakini ushahidi huo hupatikana pale tu ambapo maabara imeotesha vimelea na kuvihifadhi.

2.0 Usomaji wa Jenomu kama Nasaba
Jenomu ya Salmonella Typhi ina takriban herufi milioni 4.8. Bakteria anapogawanyika, jenomu hunakiliwa, na mabadiliko machache yanayojitokeza hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Bakteria wanaoshiriki mabadiliko yaleyale huhesabiwa kuwa na mzazi mmoja. Kwa kulinganisha jenomu nyingi, mtafiti huchora mti wa nasaba na kukadiria wakati matawi yake yalipoachana.

Jeni za usugu huweza kukaa katika kromosomu au katika plazimidi, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kipimo cha kawaida cha usugu huonesha dawa ambayo bakteria huistahimili. Hakibainishi iwapo ukoo mmoja umeenea au jeni moja imehamia katika koo mbalimbali. Jenomu hubainisha tofauti hiyo.

3.0 Mfano wa Blantyre
Mfano ulio karibu na Ileje unatoka Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, wagonjwa waliothibitishwa kimaabara kuwa na homa ya matumbo walikuwa wastani wa 14 kwa mwaka kati ya 1998 na 2010. Idadi hiyo ilifikia 67 mwaka 2011, 186 mwaka 2012 na 843 mwaka 2013. Sehemu ya vimelea vilivyokuwa sugu dhidi ya ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli ilipanda kutoka asilimia 6.8 kabla ya mwaka 2010 hadi asilimia 97 mwaka 2014.

Usomaji wa jenomu ulionesha kuwa karibu vimelea vyote vilivyochunguzwa kutoka katika mlipuko huo vilikuwa vya ukoo wa H58. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, uliolinganisha jenomu 1,832 kutoka nchi 63, ulibaini kuwa ukoo huo uliingia Afrika zaidi ya mara moja kutoka Asia, kisha ukaendelea kuenea ndani ya bara lenyewe. Kwa hiyo, ongezeko la Blantyre halikutokana na usugu uliozuka upya kwa kila mgonjwa. Lilitokana na ukoo mmoja uliosafiri.

4.0 Ukomo wa Ushahidi
Salmonella Typhi hubadilika polepole: kwa wastani, jenomu yake hupata badiliko lisilofikia moja kwa mwaka. Vimelea kutoka kwa wagonjwa wawili, mmoja wa Ileje na mwingine wa Chitipa ng'ambo ya mpaka, vinaweza kufanana kabisa vikichukuliwa ndani ya miezi michache. Mfanano huo huthibitisha undugu wa karibu, lakini haumtaji aliyemwambukiza mwenzake wala njia ya maambukizi. Ili kujibu maswali hayo, jenomu lazima isomwe pamoja na tarehe za kuugua, taarifa za safari na vyanzo vya maji.

Ukomo wa pili unatokana na sampuli. Eneo lisilotoa sampuli halionekani katika mti wa nasaba, na mchambuzi anaweza kuunganisha moja kwa moja sehemu mbili zilizounganishwa, kwa kweli, na eneo hilo la tatu. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana katika vituo vya afya nchini, huzidisha pengo hilo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili katika damu. Mbali na udhaifu wake katika kuthibitisha ugonjwa, hakiachi kimelea chochote cha kusomwa jenomu.

5.0 Hitimisho
Kwa Itumba na Tunduma, hatua ya kwanza ya ufuatiliaji wa kijenomu ni uoteshaji wa damu kabla mgonjwa hajaanza dawa. Hatua ya pili ni kuhifadhi vimelea pamoja na tarehe na mahali vilipopatikana, na ya tatu ni kupeleka sampuli teule katika maabara zenye uwezo wa kusoma jenomu. Matokeo yanapaswa kulinganishwa na yale ya Malawi na Zambia. Bila hatua hizo, tabibu wa mpakani ataendelea kuchagua dawa bila kujua ukoo unaozunguka katika eneo lake, hata pale ambapo ukoo huo umekwisha kutambuliwa ng'ambo ya mto.